Niliposema Babu Ndiye Aliyeandika Katiba ya Wabelgiji

Hii hadithi inanionyesha mjinga. Nasema mapema ili usije ukanisubiri nigeuke shujaa huko katikati. Sigeuki. Mwanzo ni mjinga, katikati ni mjinga anayeumwa tumbo, mwisho ni mjinga aliyesimamishwa mbele ya watu.

Mimi niko kwa mafundi, Gitega ya hapa Kigali, kwenye baraza moja yenye cherehani tatu na benchi la wateja. Fundi mkubwa anapima na kukata. Mama mmoja Mkongo anashona vitenge. Mimi naweka vifungo, nakunja pindo za suruali, napiga pasi. Shule niliishia ya msingi. Sikufukuzwa, hapana, tuliachana kwa amani. Ila mdomo wangu uliendelea na masomo peke yake. Kuna wateja wanakuja kwa sababu ya mkono wa fundi mkubwa na kuna wateja wanakuja kunisikiliza mimi, na fundi mkubwa anajua hivyo. Ndiyo maana siku nikiunguza suruali ya mtu ananitukana tu, hanifukuzi.

Siku hiyo alikuja mteja wetu mmoja wa ofisini, mtu aliyekulia Tanzania. Yule Kiswahili chake kimenyooka kama kimepigwa pasi, ukimsikiliza unajikuta na wewe umekaa vizuri. Alikuja kujaribu koti. Fundi mkubwa akawa anambandika pini mgongoni, yeye amenyoosha mikono kama ndege, na akiwa hivyo hivyo akatutupia swali.

"Mafundi, nisaidieni. Binti yangu ana mdahalo shuleni. Wanabishana nani aliyeiandika katiba ya kwanza ya kikoloni, ile Wabelgiji waliyotutawala nayo. Mimi namwambia iliandikwa na wanasheria, kulekule kwao Ulaya, ikapitishwa na bunge lao. Yeye anasema mwalimu anataka mtu. Anataka jina."

"Wanasheria wapi!" Fundi mkubwa alisema na pini mdomoni. Yeye ni wa zamani, akikasirika anatoa Kifaransa. "C'est les pères. Ni mapadri. Mzungu wa serikali alikuwa anafika hapa, anapata malaria, anarudi kwao. Padri anabaki. Nani anajua nchi? Padri. Nani iko na nafasi ya kuandika? Padri. Hana bibi, hana mtoto, jioni anafanya nini?"

"Anasali," akasema mteja.

"Anasali, halafu anaandika."

Mama Mkongo akasimamisha cherehani yake. Akisimamisha cherehani ujue kuna mtu ataumia. "Nyinyi munapenda kujisifu. Katiba gani waliwaandikia nyinyi? Ile ilikuwa ya kwetu, ya Kongo. Waliichukua vile iko wakawavalisha, kama nguo ya mtoto mkubwa wanavalisha mdogo wake. Hata mikono hawakupunguza!"

"Hapo una ukweli, mama," mteja akakubali. "Lakini hata hiyo ya Kongo lazima kuna aliyeiandika."

"Basi na huyo mutoto aende akaulize Kongo!"

Tukacheka. Na hapo ndipo nilipaswa kuendelea kupiga pasi.

Lakini mimi nikiona watu watatu wanacheka na si mimi niliyewachekesha, naumwa. Nikaiweka pasi pembeni. Nikasema, "Nyinyi nyote hamjui kitu. Aliyeandika ni babu yangu."

Wakaanza kucheka tena. Basi nikapata njia. Nikawaambia babu alikuwa karani wa mzungu mkubwa. Mzungu amelala na homa, amefunikwa blanketi nne, anatetemeka mpaka kitanda kinatembea, na kutoka kwao wameleta habari kwamba katiba inatakiwa haraka. Mzungu akamwambia babu, "Andika, mimi nitasema." Akasema neno moja akapoteza fahamu. Babu afanye nini? Akaandika mwenyewe. Sehemu ya kodi akaandika akiwa na njaa, ndiyo maana ikawa kali. Sehemu ya kulima barabara akaandika akiwa amekaa kivulini.

"Na ya kiboko?" mama Mkongo akauliza, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Ya kiboko aliiweka kwa sababu ya shemeji yake. Kulikuwa na shemeji mmoja anakuja kula kila siku haagi. Babu akasema, ngoja, huyu namwandikia sheria yake."

Yule mteja wa ofisini alicheka mpaka pini ikamchoma. Baraza nzima ikacheka. Isipokuwa mtu mmoja.

Kwenye benchi alikuwa amekaa mwanamume mwenye kofia ya michezo, mtu wa mtaa wa chini yetu. Alileta suruali kukatwa miguu. Nilikuwa namjua kwa sura tu. Mtu wa kimya, anasalimia kwa kichwa. Akanitazama, akauliza polepole sana, Kinyarwanda na Kiswahili vimechanganyika:

"Sogokuru wako? Ni yeye aliandika? Ni kweli?"

Ungekuwa wewe ungesema, hapana, natania. Ni maneno mawili tu. Lakini watu walikuwa bado wanacheka, na mchekeshaji akirudi nyuma hapo kicheko chote kinamgeukia yeye. Nikasema, "Ni kweli kabisa. Wallahi."

Yule mtu akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei. Akasimama, akaondoka. Suruali yake hakuchukua.

Hapo ndipo baridi iliponipanda kutoka miguuni.

Kama wewe si wa hapa nitakueleza. Zile sheria za Wabelgiji, kwetu si kitu cha makumbusho. Ndizo zilizotuhesabu na kutupanga, zikatuandika kwenye vitambulisho nani ni nani, na kila mtu Kigali anajua mwisho wake ulikuwa nini. Hapa kuna maneno unayasema nyumbani, kuna maneno unayasema polepole, na kuna maneno huyasemi. Mtu hasimami barabarani akasema ile kazi ilifanywa na ukoo wake. Tena anacheka. Tena anaapa. Kuna watu wameulizwa maswali marefu kwa maneno mafupi kuliko yangu. Mimi hayo yote nilikuwa nayajua. Nilijua tangu mtoto. Ila mdomo wangu ulikuwa haujaambiwa.

Mteja wa ofisini naye akashusha mikono. Akavua koti taratibu, akasema atarudi, akaondoka bila kuuliza lini.

"Fundi," nikasema, "wewe ulimjua babu yangu. Kwa nini hukusema nadanganya?"

Fundi mkubwa alikuwa anatafuta chaki yake, na chaki ilikuwa mkononi mwake. "Mbele ya mteja? Mimi nimwambie mteja mtu wa baraza yangu ni mwongo? Kesho atasema na futi yangu ni ya uongo. Haiko hivyo kazi hii. Umejishona mwenyewe, jifumue mwenyewe."

Mama Mkongo akanivuta pembeni. "Wakikuuliza, sema ulikuwa umelewa."

"Mimi Muislamu."

"Basi sema ulikuwa mugonjwa."

"Ugonjwa gani unamfanya mtu aseme babu yake ameandika katiba?"

Akafikiri. "Iko mingi," akasema.

Siku iliyofuata, asubuhi, akaja mutwarasibo wetu. Huyo ni kiongozi wa zile nyumba chache za kwetu, chini ya mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa mzima, na ni mtu wa utani. Kila akipita hapa lazima aniambie nimenenepa ingawa mimi ni mwembamba kama sindano. Siku hiyo hakuniambia nimenenepa. Alisimama nje ya baraza, hakuingia.

"Jumamosi, baada ya umuganda, usikimbie," akasema. "Mkuu wa mudugudu anakutaka kwenye mkutano. Kuna maneno ya babu yako."

"Maneno gani?"

"Mimi nimetumwa tu, sha."

"Nani mwingine atakuwepo?"

"Kila mtu. Si ni umuganda?" Akaondoka haraka, kama mimi nina ugonjwa wa kuambukiza.

Umuganda, kama hujui, ni ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Sote tunatoka na majembe tunafanya kazi ya mtaa, na kazi ikiisha tunakaa mkutano. Siku zote mimi ule mkutano nilikuwa naupenda, maana watu wamechoka, na watu waliochoka wanacheka kirahisi. Sasa ikawa nahesabu siku kama mtu anayesubiri kung'olewa jino lisilouma.

Sikulala vizuri, sikula vizuri. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo karibu na baraza, mimi nilikuwa nimeshasimama. Mtu akija na karatasi mkononi, hata kama ni risiti ya umeme, nasogea nyuma ya cherehani. Ile suruali ya yule mtu ilikuwa inaning'inia kwenye msumari mbele yangu, miguu miwili bila mtu ndani. Sikuigusa. Niliona nikiikata nitaharibu kesi, nisipoikata nitaharibu kesi. Wateja wa kunisikiliza wakaja, wakaniona nakunja pindo kimya kama bubu, wakaondoka. Mmoja akamuuliza fundi mkubwa kama nimefiwa.

"Bado," fundi mkubwa akamjibu.

Nilifikiria kukimbia. Nina mjomba Gahanga ana shamba la mihogo. Nina rafiki Masoro anafanya kazi kwenye ghala, aliniambia siku nyingi wanatafuta watu wa kubeba. Nikapanga nitaenda Masoro, nitabeba, nitakuwa mtu mwingine, sitasema neno. Halafu nikafikiria: wakija nyumbani wasinikute, watamkuta nani? Mama.

Mama alijua kabla sijamwambia. Nilirudi nikamkuta amekaa sebuleni na kanga begani. Kitu cha kwanza alichofanya aliongeza sauti ya redio. Mama yangu hapendi redio kubwa. Nikajua.

"Umesema nini juu ya baba yangu?"

"Mama, ulikuwa mzaha tu."

"Sikuuliza ulikuwa nini. Nimeuliza umesema nini."

Nikamwambia. Nilipofika kwenye shemeji, ile sehemu iliyowachekesha watu mpaka wakatoka machozi, nikaona uso wake, nikairuka.

Lazima nikueleze juu ya mama yangu. Ana umri wa wale watu ambao waliwahi kusimamishwa wakaulizwa baba yako ni nani, na jibu lako ndilo lilikuwa linaamua kama utapita. Sisi ukoo wetu ulikuja zamani na biashara kutoka pwani, ukaoa hapa, ukazaa hapa, ukachanganyika. Mama maisha yake yote ameulinda huo mchanganyiko kwa kitu kimoja: kunyamaza. Ukimuuliza baba yako alikuwa nani, anakuambia alikuwa mtu mwema. Basi. Hata mimi mwanawe najua machache tu. Najua babu alikuwa mpishi, alipikia wafanyabiashara, aliogopa mbwa, na alipenda chumvi kuliko ilivyo halali.

"Mpishi," mama akasema. "Maisha yake yote, mpishi. Hakumwandikia mtu hata barua. Nimemficha miaka yote hii asiulizwe na mtu, na wewe umemtoa nje umempa kalamu."

Nikamwambia juu ya mkutano wa Jumamosi. 

"Nitaenda na wewe," akasema.

"Mama, usije. Baki."

"Wakiuliza baba wa nani, utawajibu nini? Baba wa nani? Ni wangu." Akapunguza redio, akaenda kulala, na nikasikia kwamba halali.

Jumamosi ikafika. Tulikuwa tunazibua mtaro ulioziba matope na chupa, pale kwenye mteremko wa mawe. Nilichimba ule mtaro kama mtu anayetafuta mahali pa kuingia ajifiche. Vijana wenzangu wananitania, "We, umepewa mkataba?" mimi nachimba tu. Yule mwenye kofia alikuwa upande wa juu, anasomba matope kwa toroli. Macho yetu yalikutana mara moja. Alinisalimia kwa kichwa, kama kawaida yake. Salamu ile ilinitisha kuliko kama angenitukana. Nikasema moyoni, mtu anayekusalimia vizuri hivi ameshamaliza kazi yake.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa nyumba moja kubwa, wazee wamewekewa viti, sisi wengine tumekaa juu ya mawe na majembe. Mkuu wa mudugudu wetu ni mama mwenye duka la mayai. Sauti yake ni ndogo lakini hakuna anayeongea yeye akiongea. Akaanza na taka. Akaja kwenye usalama, wale wanaoacha mageti wazi. Akaja bima ya afya. Sijawahi kuombea taka zizungumzwe kwa muda mrefu kama siku ile. Mama yangu alikuwa amekaa na wanawake wenzake, amejifunga kanga vizuri, mikono juu ya magoti, anatazama mbele kama anapigwa picha.

Halafu mkuu wa mudugudu akasema, "Kijana wa kwa mafundi. Simama."

Nikasimama. Goti moja lilikubali, la pili lilitaka majadiliano.

"Tumesikia una historia ambayo sisi wengine hatuna. Kwamba babu yako ndiye aliyeandika sheria ya Wabelgiji. Ulisema hivyo?"

Watu wote wakageuka. Zile nyuso nazijua, nimewawekea vifungo karibu wote, na hata mmoja hakuwa na sura ninayoijua. 

"Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Kuna mtu hapa ana swali kwako. Ameomba mwenyewe. Msikilize."

Nikatafuta polisi. Nilitazama getini, nikatazama kule nyuma. Sikuona. Aliyesimama alikuwa bibi kizee, mukecuru mwembamba sana, kwenye safu ya mbele ya viti, na aliyekuwa anamshika mkono asimame ni yule mwenye kofia. Alimwita yule bibi "mama". Nikaelewa hapo, kama mtu aliyemwagiwa maji. Yule mtu hakuwa amepeleka maneno yangu serikalini. Aliyapeleka nyumbani, kwa mama yake.

Ungefikiri nilipumua. Nilianza kupumua, ndiyo. Halafu yule mukecuru akaanza kusema.

Alisema kwa Kinyarwanda cha zamani, kile kizito. Mimi nitakisema kwa Kiswahili kama ninavyoweza.

"Mwanangu, sogea nikuone. Macho yangu si mazuri." Nikasogea. "Wewe ni mdogo sana," akasema, kama amekosea nyumba. "Haidhuru. Mwanangu alirudi akaniambia, kuna kijana ambaye babu yake aliandika ile sheria, hata ile ya kiboko. Nikamwambia, rudia. Akarudia. Nikamwambia, kamwambie mkuu wa mudugudu, huyo nataka kumwona kabla sijafa.

"Baba yangu alikuwa na kahawa. Kila mtu alikuwa na kahawa, ilikuwa lazima. Na ilikuwa lazima utandike majani chini ya kila mche, udongo usionekane. Mwaka ule mama alikuwa mgonjwa. Baba akatandika nusu ya shamba. Wakaja. Wakamlaza palepale, kwenye ile nusu isiyo na majani, wakamvua, wakampiga kiboko."

Akamshika mwanawe vizuri zaidi, akaendelea.

"Kumpiga nimeelewa. Nimekuwa mtu mzima, na mimi nimepiga watoto." Watu wachache wakacheka kidogo, kicheko cha heshima. "Lakini sisi tulikuwa ndani ya nyumba. Mimi na kaka zangu. Tulikuwa tumejificha, hatukuwa tunaona. Wakatuita. Wakasema watoto watoke nje waangalie. Tukatoka. Baba akaniona ninamwona. Hakunitazama tena mpaka alipokufa. Alikuwa ananiongelesha akitazama ukuta.

"Basi nataka kujua hili tu. Kutuita sisi, iliandikwa? Iko kwenye sheria, kwamba watoto waitwe? Au ni yule aliyekuja, aliongeza mwenyewe? Kama iliandikwa, babu yako alikuwa anawaza nini alipoandika? Alikuwa na watoto?"

Alikuwa na watoto. Mmoja alikuwa amekaa pale, na kanga yake, sasa amenitazama mimi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa polisi wiki nzima. Nilikuwa na majibu ya polisi, nilikuwa nayafanyia mazoezi chooni. Kwa mukecuru sikuwa na kitu. Na nitakuambia ukweli ulioniogopesha kuliko yote: mdomo wangu ulikuwa tayari umeshatengeneza jibu. Lilikuja lenyewe, zuri, limekamilika. Nilikuwa naweza kumwambia, mukecuru, babu alisema kabla hajafa kwamba hiyo ya watoto hakuandika yeye, iliongezwa na wengine, na alikuwa analia usiku. Angeniamini. Kila mtu uwanjani angeniamini. Niliona jinsi ambavyo mtu anaweza kuwa mwandishi wa katiba kwa dakika moja tu, kwa sababu kuna mtu anahitaji awepo. Nikashika jembe.

Nikamtazama mama. Hakunisaidia. Alikuwa ananitazama tu.

"Mukecuru," nikasema, "babu yangu hakuandika kitu. Alikuwa mpishi. Hakujua kuandika hata jina lake. Nilisema vile ili watu wacheke."

Akainamisha kichwa kama hakusikia vizuri. Mwanawe akayarudia maneno yangu sikioni mwake.

"Walicheka?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Hata ile ya kiboko?"

"Hiyo ndiyo walicheka zaidi."

 Mwanawe akamsaidia kukaa. Kijana mmoja kule nyuma alitoa kicheko kifupi cha puani, na mkuu wa mudugudu akamtazama, kikaisha. Halafu akanigeukia mimi na ile sauti yake ndogo.

"Wewe unakaa kwenye mtaa wenye watu. Si kila mtu anayekusikiliza amekuja kucheka. Hilo la kuapa kwa jina la Mungu, utalimaliza na watu wa msikiti wako. Hili la historia, nitakuita tena ofisini, tutaongea mimi na wewe na mama yako. Kaa chini."

Nikakaa. Nikaanza kuhesabu siku upya, ingawa "nitakuita tena" haina tarehe. Wakarudi kwenye taka. Kuna mtu aliuliza kama mifuko inatolewa Jumanne au Jumatano, wakabishana sana, na mimi nilikuwa nasikia sauti zao kwa mbali kama niko ndani ya maji.

Mkutano ulipoisha mama alinipita bila kusimama. Akaninyang'anya jembe begani mwangu akalibeba yeye. Sijui mpaka leo ilikuwa adhabu au huruma, na sikuthubutu kuuliza. Fundi mkubwa alikuwa getini anambishia mtu kwamba, pamoja na yote, ni mapadri.

Yule mukecuru alikuwa bado amekaa kwenye kiti, mwanawe ameenda kutafuta pikipiki ya kumpandisha mlima. Ningeweza kupita upande wa pili. Nilitamani sana kupita upande wa pili. Badala yake nikaenda nikachuchumaa mbele yake, matope mpaka kwenye nyusi, moyo unapiga kama cherehani isiyo na uzi.

"Mukecuru, nisamehe. Nilikudanganya, nikakusimamisha mbele ya watu."

Alinyoosha mkono akagusa paji la uso wangu, akalifuta matope kwa kidole gumba, kama mtu anayetafuta kitu kilichoandikwa chini yake.

"Kudanganya umedanganya," akasema. "Lakini ungeniachia babu yako kidogo tu. Nilikuwa sijamaliza kumuuliza."